Nani Atamfumbua Macho Mama wa Mwambani

Mtaa wa Wachongaji,
Vellankurichi,
Tamil Nadu.

3 Machi 1987

Mpendwa Kaka Nallasivan,

Nagusa miguu yako kwa mbali, maana huko Penang, ng'ambo ya bahari, mkono haufiki. Hujambo? Shemeji Sengamalam naye hajambo? Na kile kikohozi cha mtoto, kimekwisha? Sisi hapa wazima. Mama anakula vizuri, ila miguu inamvimba. Baba mikono inazidi kumtetemeka. Hata gilasi ya kahawa siku hizi anaishika kwa mikono miwili.

Nakuandikia kwa amri yake. Ule ukarabati wa hekalu wa kila miaka kumi na miwili umekamilika, na tarehe 9 Aprili asubuhi sanamu mpya ya mungu wetu, Mama wa Mwambani, itachongwa mboni na kufumbuliwa macho. Baba anataka uje uifumbue wewe. Basi, ujumbe nimeufikisha.

Sasa niseme yangu.

Sanamu hiyo nimeichonga mimi, Kaka. Miezi kumi na minne. Jiwe nililigonga likiwa bado machimboni, nikalichagua kwa mlio wake. Vidole vya miguu peke yake vilinila mwezi mzima. Ilifika mahali Vadivu akaniuliza, "Hivi wewe umenioa mimi au umeoa jiwe?" Nikaomba chakula. Na wewe wakati huo ulikuwa huko Penang, unakata kwa mashine mawe ya meza za jikoni.

Nilimwambia Baba hivyo. Mama ndiye aliyejibu kutoka jikoni: "Wee Masila, acha kununa kama bibi harusi! Kakako ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye anayefumbua. Ulitaka nikuzae upya?" Majirani wakacheka. Sikufichi, nilikuonea wivu.

Wivu wenyewe si wa leo. Unaikumbuka ile hadithi ya hekalu letu, Mama wa Mwambani aliposhuka akiwa msichana mchunga mbuzi, akakaa mwambani kumsubiri mumewe Shiva mpaka akawa jiwe? Ndugu wawili wakamjengea hekalu. Mdogo alijenga chumba cha ndani anamokaa mwenyewe, kifupi, cheusi kwa moshi wa taa. Mkubwa akaja baadaye akasimamisha mnara wa lango, ghorofa tisa, miungu imejazana mpaka kileleni. Mahujaji wanaotembea siku tano wakiuona tu ule mnara, wanaangua kilio. Jina la mkubwa limechongwa langoni, la mdogo halijulikani. Wewe ulikuwa ukimwomba Baba airudie kila mara. Mimi nilikuwa nikitoka nje.

Na ada yetu unaijua. Macho yakishafunguka, aliyefumbua huvishwa nguo mpya mbele ya watu, na kuanzia hapo hakuna mchongaji anayeruhusiwa kumgusa tena Mama wa Mwambani maisha yake yote. Ni makuhani tu. Kwa hiyo nguo mpya ni yako, na kufukuzwa ni kwangu. Unaona haki hiyo? Mimi siioni.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo lililoniondolea usingizi. Wiki iliyopita nilikuwa namsugua uso kwa mafuta, nikaona kwenye jicho la kushoto mshipa mweupe ndani ya jiwe, mwembamba kama unywele, umepita pale pale mboni itakapokaa. Hakuna mwingine aliyeuona. Macho ya Baba hayafiki tena. Na wewe nakujua unavyogonga: kutoka upande wa sikio kuja puani, pigo moja la nguvu, kwa mbwembwe. Ukigonga hivyo, kope litabanduka. Sanamu yenye jicho bovu haiabudiwi. Inatupwa mtoni.

Siku nne nilikaa kimya. Nilitaka libanduke mkononi mwako, makuhani wakiona, Baba akiona. Nilifurahi kulifikiria, Kaka, nilifurahi sana. Jana jioni nikaenda kumfunika kitambaa, nikamshika shavu, nikashindwa.

Basi nisikilize. Anzia puani uelekee sikioni. Tumia ile patasi nyembamba ya chuma aliyotuachia Babu. Ilaze, usiisimamishe. Gonga kidogo kidogo, hata mara ishirini, usione aibu ya kuchelewa. Ukiufikia mshipa usiugonge kabisa, usugue kwa mchanga laini. Ndipo uchukue ile patasi ya dhahabu ya ibada uipitishe juu ya jicho. Watu watasema Nallasivan ana mkono. Waache waseme. Mimi nitakuwa nje ya pazia litakalokuzunguka, nikihesabu mapigo yako.

Msalimie sana Shemeji Sengamalam, umbusu na binti yako Tamarai. Mama, Baba na Vadivu wanakusalimu. Mama wa Mwambani akulinde baharini na akufikishe wiki moja kabla, upate kuujaribu kwanza mkono wako kwenye jiwe la kutupa.

Mdogo wako akupendaye, pamoja na wivu wake wote,

Masilamani