Sweta Niliyoifua Makusudi

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuvusha mpaka leo, wewe huko na sisi huku. Habari za siku nyingi? Goti lako linasemaje? Barua yako ya mwisho ilisema umeambiwa upande ngazi polepole, nami nikacheka, maana nakujua: wewe hupanda ngazi kama mtu anayefukuzwa. Tafadhali tulia. Shemeji naye hajambo? Kikohozi kimemwachia?

Sisi hatujambo. Kaka yako mzima, bado anachomelea mageti uani tangu asubuhi, na mwanga wa moto ule umemfanya akonyeze watu hata kanisani. Wale wajukuu zangu pacha wameng'oka meno ya mbele katika wiki moja, kwa hiyo sasa nyumba nzima inaongea kwa kupuliza. Mama yupo, macho yanamsumbua kidogo lakini ulimi bado mkali kama unavyoukumbuka.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu. Nyumba hii ukipiga chafya chumbani, unaitikiwa jikoni. Na haya niliyonayo, wifi, sitaki yaitikiwe na mtu.

Unajua kazi yangu pale kwenye kituo cha mbwa waliotupwa. Nafua na nalisha. Mablanketi, mataulo, matandiko ya vizimba vyote, yanapita mikononi mwangu. Mwaka jana akaletwa mbwa mmoja wa kahawia, sikio moja limechanika, aliyekuwa amefungwa kwa waya uani kwa mtu mpaka shingo ikawa kidonda. Alipoingia kizimbani alienda moja kwa moja kwenye kona, akaelekeza uso ukutani, akafyata mkia. Tukamwita Pembeni. Ukishika ufagio anajikojolea. Ukikohoa anajikojolea. Mlinzi wetu alisema huyu akiona kivuli chake mwenyewe ataomba msamaha.

Wiki kumi na nne, wifi yangu. Wiki kumi na nne nilikaa kwenye ile sakafu ya saruji, bakuli kwanza mlangoni, kesho yake nusu hatua ndani, keshokutwa nusu hatua nyingine, huku nikimwimbia tenzi kwa sauti ya chini. Siku aliyokula kiganjani mwangu nilienda chooni nikalia, nikamshukuru Mungu kama mtu aliyejifungua.

Baada ya hapo nikamwona ni wangu. Hakuna aliyeniambia ni wangu. Nilijiambia mwenyewe.

Kwa hiyo Daktari wa kituo, yule binti mdogo mwenye msimamo wa mzee, alipoanza kusema Pembeni atafutiwe nyumba, nilimwambia nyumba ipo, kwangu. Akaniketisha. Akaniambia, "Mama, huyu anahitaji mtu aliyewahi kuishi na mbwa mwoga kama yeye. Nyumba ya kimya, yenye uzio, isiyo na watoto. Kwako mzee anachomelea mageti."

"Ataacha," nikasema. Kaka yako hajui kwamba siku ile nilimstaafisha.

"Na pacha?"

Pacha hata ningetaka siwezi kuwastaafisha. Daktari akanishika mkono, akasema kama Pembeni hatapata nyumba kabla ya kutimiza mwaka na nusu hapa kituoni, atahamishiwa kile kituo kikubwa chenye mbwa zaidi ya mia, na kule, kwa woga ule, hatamaliza miezi. Nikamjibu ndiyo, ndiyo, lakini moyoni nilikuwa nimenuna tayari.

Tangazo likabandikwa. Watu wanne walikuja wakarudishwa. Mmoja alitaka mbwa wa kulinda duka, Mungu amsamehe. Wa tano akaja yeye.

Ni fundi cherehani, mwanamke wa makamo kama mimi, mwembamba, tepu ya kupimia shingoni hata akiwa hayuko kazini. Ameshalea mbwa watatu waoga, na wote wamezeekea kwake. Hakuuliza anauma au haumi. Aliuliza, "Anapenda kulala mgongo ukiwa ukutani?" Nikajua huyu anajua. Roho ikaniuma hapo hapo.

Akaingia kizimbani, akakaa chini akimpa Pembeni ubavu, akatoa nguo akaanza kushona vifungo. Hakumwangalia. Hakumwita. Saa nzima. Mimi nikiwa nimesimama nje na ndoo yangu, nikiomba, wifi, na sioni haya kukuambia, nikiomba asisogee. Mbwa akasogea. Akanyoosha shingo, akanusa kiatu cha yule mama, akarudi konani.

Mimi wiki kumi na nne. Yeye saa moja na vifungo sita.

Daktari alifurahi mpaka akapiga makofi bila sauti. Mimi nikajikaza kisabuni, nikasema, "Mungu ni mwema," na mate yalikuwa machungu mdomoni.

Sasa sikiliza utaratibu wa kituo, ndio ulioniangusha. Anayemtaka mbwa mwoga lazima aje mara tatu. Akiondoka mara ya kwanza anaacha nguo aliyoivaa, haijafuliwa, mbwa ailalie wiki nzima aizoee harufu yake. Mara ya pili anakuja kukaa naye tena. Mara ya tatu mlango wa kizimba unaachwa wazi, na mbwa atoke kwa miguu yake mwenyewe amfuate. Asipotoka, yule mtu anapewa mbwa mwingine, na mbwa anabaki.

Fundi aliacha sweta yake ya kijani. Daktari akanikabidhi mimi, maana mimi ndiye ninayetandika. "Mama, hii isiguse maji."

Siku ya kwanza niliitandika vizuri. Kesho yake nikamkuta Pembeni ametia pua kwenye kwapa la ile sweta, amelala usingizi mzito, hata hakusikia nilivyofungua komeo. Mimi nikifungua komeo, siku zote yeye huamka akasimama.

Nikaichukua nikaifua.

Nilijiambia imeingia mate. Uongo. Niliifua kwa sabuni ya mche, nikayasugua makwapa yote mawili, nikaianika, nikairudisha jioni ikinukia jua. Na juu yake nikaweka aproni yangu. Siku tatu mfululizo, wifi. Nilikuwa nikisugua na huku naimba tenzi. Ungenikuta ungesema mwanamke wa Mungu huyu.

Fundi aliporudi mara ya pili, Pembeni alimwona kama mgeni. Akatetemeka, akajikojolea, akaficha kichwa nyuma ya bakuli. Yule mama akakaa saa mbili, akamaliza kushona shati zima, na hakuna kilichosogea. Alipotoka alimwambia Daktari polepole, "Labda mikono yangu imezeeka. Mbwa huwa wanajua." Kisha akanigeukia mimi, "Wewe amekukubali. Ulifanyaje?" Na hakuwa na kejeli hata kidogo. Alikuwa anaomba kufundishwa.

Nilipaswa kufurahi. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Mama akanitazama kwa lile jicho lake moja linaloona vizuri, akasema, "Mkwe wangu, mbona umevaa uso wa mtu aliyeletewa mke mwenza?" Kaka yako akadakia, "Mke mwenza ana miguu minne. Mimi nilipolazwa na homa wiki mbili hakulia hivi." Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Alfajiri nilipopiga magoti kuomba, nilifika kwenye kuwaombea wengine nikakwama. Kila nikitaka kumtaja yule mama, ulimi unagoma. Ndipo nikaelewa kwamba kijiba cha roho nilichonacho hakimsumbui Fundi hata kidogo. Kinamfunga Pembeni waya mwingine shingoni, na safari hii aliyeushika waya ni mimi.

Jumapili baada ya ibada nikachukua ile sweta nikaitia kwenye mfuko, nikaenda kwake. Njiani bado nilikuwa na tumaini la kikatili: kwamba nitakuta nyumba chafu, au ukali, au uzio uliotoboka, nirudi nikamshitaki kwa Daktari na dhamiri yangu itulie. Nilitafuta kasoro kama polisi. Uzio mzima. Uani kimya. Chumba cha kushonea kina kabati kubwa, na kati ya kabati na ukuta ametandika godoro dogo, mahali ambapo mbwa atalala mgongo ukiwa ukutani na kuona mlango. Yupo mbwa jike mzee, kipofu, amelala chini ya cherehani kama gunia, hata sikuwa na la kumkosoa yule mbwa.

Nikamwambia Fundi yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Hakuacha kukunja pindo. Nilipomaliza akanyoosha mkono, akaichukua sweta, akainusa, akauvuta mkono wa sweta kuupima.

"Sabuni ya mche."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana imesinyaa."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akaiweka pajani. "Mama, mimi nimekaa wiki nzima nikijiuliza nimemkosea nini yule mbwa. Nilikuwa nimeamua kesho nipige simu nijitoe." Sauti haikupanda. Ningependa ingepanda. "Utamwambia Daktari mwenyewe, au nimwambie?"

Nikasema nitamwambia mwenyewe. Akasema, "Basi kaa, umepauka." Akanipa maji. Hakutabasamu na sikustahili. Lakini nilipoinuka kuondoka akasema neno ambalo sikulitegemea: "Hiyo aproni yako usiifue. Siku nikimchukua, nitaondoka nayo. Asije akadhani umekufa."

Wifi, nililia barabarani mpaka muuza magazeti akaniuliza kama nimefiwa.

Daktari naye hakunipigia kelele. Alinipa barua ya onyo, akaniondoa kwenye kizimba cha Pembeni, mlinzi ndiye akawa anamlisha. Wiki mbili. Fundi akavaa upya ile sweta iliyosinyaa, mikono imeishia kwenye kiwiko, akashona nayo, akapika nayo, akailalia, kisha akaileta, ikawekwa kizimbani na hakuna aliyeigusa. Mimi nilikuwa nafua mablanketi upande wa pili wa ukuta, nasikia bakuli la Pembeni likiburutwa, na naruhusiwa kusikia tu.

Siku ya mara ya tatu nilisimama kwenye dirisha la chumba cha kufulia. Mlango wa kizimba ukaachwa wazi. Fundi akatembea taratibu kuelekea getini, amempa mgongo, aproni yangu ameikunja kwapani. Dakika zikapita. Nilikuwa naomba, na sijui mpaka leo nilikuwa naomba nini. Kisha nikaona pua, halafu lile sikio lililochanika. Akatoka tumbo likigusa ardhi, akasimama, akanusa hewa, akamfuata.

Alipita chini ya dirisha langu, hatua nne hivi. Nikajizuia nisiimbe. Hakugeuka hata mara moja.

Watu wote wananiambia nimefanya vizuri. Mchungaji ameniambia kutubu kwangu ni ushindi. Daktari anasema Pembeni anakula, analala nyuma ya kabati, na juzi ameanza kutikisa mkia yule kipofu akimpita. Mimi naitikia amina. Lakini wewe ndiye wifi yangu, siwezi kukudanganya: nikisikia ametikisa mkia kwa mwingine, ninaumia. Nafurahi na ninaumia katika pumzi moja, na bado siku nyingine kuumia ndiko kunakoshinda. Namwomba Mungu aniondolee, naye anaondoa kijiko kijiko.

Sasa ninalotaka ushauri wako ni hili. Utaratibu unasema mlishaji wa zamani asimtembelee mbwa kabla ya wiki nane, atulie kwanza. Tatu zimeshapita. Juzi Fundi amenitumia salamu kupitia kwa Daktari: wiki nane zikitimia, niende kwake Jumamosi, tukae. Kaka yako anasema niende, Mama anasema nikae kwangu. Mimi sijui. Nikienda, ninaogopa ninaenda kuangalia kama bado ananipenda kuliko yeye. Akinikimbilia nitafurahi, na kufurahi kule kutakuwa dhambi yangu ileile. Akinisahau, sijui nitarudije nyumbani. Wewe unanijua tangu nilipoingia katika ukoo wenu nikiwa msichana, unajua ninavyopenda na ninavyoshikilia. Niambie ukweli hata ukiniuma.

Nisalimie shemeji, mwambie tunamwombea kifua. Wasalimie wanao wote, hasa kitinda mimba, mwambie mke wa mjomba wake hajasahau ahadi ya kumfumia soksi. Mama anakusalimu, anasema uchungulie ngazi kabla ya kupanda. Kaka yako anasema atakuandikia, nawe unajua maana yake ni kwamba hataandika. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akunyooshee goti, akupe usingizi usio na maumivu.

Zimebaki wiki tano, na barua zetu hukawia. Nakuomba unijibu upesi.

Ni mimi wifi yako, mwenye kukupenda na kukuonea wivu kidogo kwa kuwa mbali na haya yote,

Bibi Pacha.