Pini Kwenye Amri Kumi

Shosti uko? Usipige, soma tu. Nimejifungia chumba cha kushonea.

Si nilikwambia nimeanza kusoma Biblia kila asubuhi kabla sijagusa cherehani? Kidogo kidogo, kuanzia Mwanzo. Na ufundi ushaniingia damuni, nikiishia mahali nachomeka pini.

Jana nilifika kwenye amri kumi. Mtoto akalia, nikachomeka pini, nikakimbia. Biblia nikaiacha wazi mezani.

Leo baba watoto kakaa kunywa chai. Namwona anaikodolea macho ile pini. Kumbe imesimama juu ya amri ya uzinzi!

Akaniuliza, "Mama watoto, nani amekwambia?"

NANI AMEKWAMBIA! Na mimi nimeshika kijiko nataka kumwongezea sukari!

Nikasema, "Kuniambia nini?"

Akashika kichwa. "Basi, usinizungushe. Nitasema yote."

Yote, shosti. Kumbe ni mengi.

Sasa yuko mlangoni anagonga, anataka kutubu. Nilikuwa nataka kumjua Mungu tu jamani, si mume wangu.

Anagonga tena. Nimfungulie?