Mkasi Nyuma ya Kabati

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Pasi msiiguse, waya wake umechubuka.

Nyinyi na utaalamu wenu. Mliweka programu ijibu wateja kwenye ukurasa wa duka letu la ushonaji, mkaipa jumbe za marehemu baba yenu ijifunze lugha ya fundi. Asubuhi bibi harusi amekuja kujaribu gauni, akanionyesha jibu alilopata: "Mwambie mke wangu mkasi niliuficha nyuma ya kabati, watoto wasiutumie kukatia karatasi."

Tumeutafuta tangu mazishi. Jumbe zake nimezisoma zote, hakuandika hilo popote. Nimesogeza kabati. Upo.

~~Izimeni leo.~~ Iacheni.

Nimefuata vifungo sokoni. Baba yenu akiniulizia humo, mwambieni sijaenda mbali.

Mama yenu