Baba, Lile Bati Ulilosema Ling'olewe

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakusalimu kwa adabu zote kwanza, maana haya yanayofuata hayana adabu. Nimeyaandika wazi ili kila mtu wa kijiji chetu ayasome, na Mama ameshaniambia nikiyatoa nisimwite mama tena. Ungekuwepo ungesema, "Minza, mdomo wako huo utakuponza." Haya, umeniponza. Nisikilize.

Unakumbuka siku ile kule Kambarage, Shinyanga mjini, kwa fundi Shabani? Tulikuwa tumetoka kupeleka mchele Geita, mimi na wewe kwenye pikapu, na njia nzima chini kunalia kwa-kwa-kwa kama mtu anaburuta sufuria. Kila tulipopita watu waligeuka kutazama. Na wewe na fahari yako ya gari, we! Fundi akaingia uvunguni, akatoka anajifuta mikono, akasema ni bati tu linalokinga joto la ekzosi, lile bomba la moshi, boliti zake zimeliwa na kutu, atafunga mpya na washa pana, vile visahani vya chuma vya kukazia boliti, na kelele zitakwisha. Ukamwuliza, "Bila hilo bati gari halitembei?"

"Kutembea litatembea, Mzee, lakini..."

Hukumwacha amalize. "Ling'oe! Sitaki gari la kupiga ngoma." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ulikuwa unachekesha, Baba, ukikasirika.

Bati lenyewe hukulitupa, maana wewe hukuwahi kutupa kitu. Ulikuja nalo nyumbani ukampa Mama, akalisimamisha jikoni kukinga upepo kwenye jiko la mkaa. "Angalau huku litafanya kazi," ulisema, ukanawa mikono ukala. Pikapu likawa kimya, ukawa unapita sokoni polepole makusudi ili watu wasikie lilivyotulia.

Na ngitili yako. Kwa wasio wa kwetu watakaosoma, ngitili ni eneo la majani ambalo Msukuma analifunga masika yote, ng'ombe haingii, ili kiangazi kikishakausha kila mahali mifugo iwe na cha kula. Ya kwako uliilinda kuliko ulivyotulinda sisi. Warina asali uliwafukuza. Watoto waliotaka kuchoma viazi karibu nayo uliwakimbiza na fimbo. Hata Baba Limi, Mzee Masunga, rafiki yako tangu mkichunga wote mkiwa na kaptula, ulimpigia kelele kutoka mbali, "Kiko chako kiache kwako!" Naye alikuwa anakizima, anacheka, anakitia mfukoni.

Siku ile ya moto, kiangazi kimeshaanza, ulirudi peke yako kutoka Geita. Jua kali, barabara ndefu, gari limechemka. Kabla ya kufika nyumbani ukakata kona ukaingia kwenye ngitili kama kawaida yako, ukaliacha gari katikati ya majani, ukatembea ukiyapapasa kwa mkono, umeridhika. Ndivyo ulivyonisimulia mwenyewe ulipofika, ukiniomba maji. "Majani yamefika kiunoni, mwanangu. Mwaka huu hatulali njaa." Kikombe kilikuwa bado mdomoni tuliposikia watu wanapiga yowe la moto.

Nakuona mpaka leo ukikimbia na tawi la mwarobaini, shati limechomoka. Sikukuona tena ukiwa umesimama. Baba Limi ndiye aliyekutoa kwenye moshi, alikuburuta mpaka barabarani, mikono yake yote miwili ikaungua. Kwa sababu alikuwa wa kwanza kufika, na kwa sababu ya kile kiko, watu walishapata mtu wao wa kulaumu kabla moto haujazimika.

Kule hospitalini Kolandoto ulikuwa huongei. Baba mkubwa akakuinamia akakwambia, "Ni Masunga na kiko chake." Ukafumba macho. Kisha ukanigeukia mimi ukaniuliza, "Gari liko wapi?" Nikakujibu liko nyumbani, zima, halina hata mkwaruzo. Ukageukia ukutani. Nilikuchukia kidogo hapo, nisamehe, nikasema moyoni huyu anakufa na bado anawaza gari. Ulifariki kesho yake, na neno lile ndilo la mwisho ulilonipa.

Baba Limi aliitwa mbele ya mkutano wa kijiji. Nilikuwepo. Alisimama na mikono yake imefungwa vitambaa, akasema, "Nilimwona mwenzangu akitoka pale na gari. Moshi ukainuka pale pale alipotoka. Kiko changu nilikiacha nyumbani." Baba mkubwa akamwuliza, "Kwa hiyo gari nalo linavuta kiko?" Mkutano mzima ukaangua kicheko. Akakaa chini.

Wakamtenga. Unajua mwenyewe kwetu kutengwa kulivyo. Salamu hapewi. Moto wa kuwashia jiko haombi kwa mtu. Mtoto akionekana mlangoni kwake anachapwa. Na kiangazi kilikuwa kibaya, majani yameungua yote, ng'ombe wetu wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine, wa jirani pia, na kila ng'ombe aliyeanguka watu walilitaja jina la Masunga.

Kisha Mama Limi akaugua, akafa. Hakwenda mtu, Baba. Mama Limi yule aliyenikanda na maji ya moto nilipojifungua Pendo! Baba Limi alichimba kaburi mwenyewe kwa ile mikono, wakambeba yeye na Limi, wawili tu, baba na binti. Tulisikia sauti ya Limi akilia, na kila mlango ukafungwa. Wiki chache baadaye mzee akahama na Limi, akaenda machimboni Geita kugonga mawe ya dhahabu kwa nyundo, umri ule.

Pikapu nikabaki nalo mimi. Kiangazi hiki nilikuwa natoka Geita, nimevua kandambili nikaziweka chini ya kiti cha pembeni, nikazikuta zimelainika zimejikunja. Nikasema joto tu la Shinyanga hili. Mbele kidogo kundi la ng'ombe likawa linavuka, nikasogea pembeni kwenye majani makavu nikasubiri. Mchungaji akanipigia kelele, "Mama, gari lako linafuka moshi chini!" Nikaruka. Majani yaliyogusa ekzosi yalikuwa yameshashika. Tukamwaga mchanga, tukamwaga maji yangu yote ya kunywa, tukauzima.

Nilikaa chini barabarani, Baba. Mchungaji akadhani nimeungua. Nilikuwa nasikia tu kile kicheko cha mkutano.

Nikaenda moja kwa moja Kambarage. Fundi Shabani akanionyesha mahali bati lilipokuwa, boliti zimebaki visiki. Akaniambia bomba likitoka safari ndefu na mzigo linakuwa la moto kiasi cha kuwasha chochote kikavu kitakacholigusa, na bati ndilo linalokaa katikati ya joto hilo na majani, na sakafu, na mrija wa mafuta. "Nilitaka kumwambia Mzee," akasema. Nikamletea lile la jikoni. Akalishika juani, mwanga ukapita kwenye matundu, akasema hili limekwisha. Akatafuta zima kwenye gari la aina hiyo hiyo lililokatwa vipuri, akalifunga kwa boliti mpya na washa pana, akaacha nafasi ya hewa kati yake na bomba. Akalitikisa kwa mkono. Halikulia. Kazi ya muda mfupi mno, Baba! Gari lilikuwa juu, mimi na mafundi wengine tumekaa kwenye benchi tunakunywa chai, na chai haijapoa akawa amemaliza. Nililia mbele ya mafundi wote.

Mama nilimweleza usiku huo huo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usimtie baba yako aibu kaburini." Nikamwuliza, na aibu ya Baba Limi aliye hai? Akasema nikiyatoa haya nisimwite mama tena. Hajanisemesha tangu siku hiyo.

Nilimtafuta Baba Limi nikampata kule machimboni Geita. Amekonda. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjuki, nyundo anaifunga kwa kitambaa ili isimtoke. Nilipopiga goti kumwamkia aliitikia kwa Kisukuma, akaniita ng'wana wane, mwanangu, kama zamani. Nikamweleza yote. Hakushangaa hata kidogo. Nikamwambia nitasimama kijijini niseme, na ukoo wetu utalipa ng'ombe kama desturi inavyotaka.

"Ng'ombe sitaki," akasema. "Mama Limi hajaliliwa. Njooni mumlilie."

Akaendelea kugonga mawe.

Sijui kama ulijua, Baba. Nimeligeuza lile swali lako la gari mpaka kichwa kinauma. Kama ulijua ukageukia ukutani ukamwacha mwenzako, nimekasirika na wewe kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Kama hukujua, basi pole, baba yangu, pole sana. Vyovyote vile nakupenda, na jina lako nalichafua leo kwa mkono wangu, kwa sababu la mwenzako limechafuka bila kosa.

Jumamosi asubuhi naondoka na pikapu kwenda kumchukua mzee na Limi, niwalete kwenye mji wao wa zamani hapa kijijini. Nimepakia sufuria, mikeka na mchele wa kutosha kijiji kizima. Lile bati bovu ninalo, Baba mkubwa atalishika mwenyewe aone. Gari nitaliegesha kwenye udongo mtupu. Mama hajasema kama atakuja. Hakuna aliyesema.

Wasipokuja nitakaa kwenye mkeka kando ya kaburi la Mama Limi na nitalia peke yangu, kwa sauti, mpaka wanisikie kule walikojifungia.

Lala, Baba. Mimi bado nina msiba wa kwenda.

Binti yako mkubwa,
Minza