Kijino Chini ya Hakimu

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote waliomo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia umeanza tena kupanda mapaa ya watu kupiga misumari mwenyewe, na kwamba ukikumbushwa katazo la daktari unauliza daktari huyo amewahi kushika nyundo lini. Nilicheka sana, lakini nakuomba ushuke. Mwambie Dada picha ya mtoto nimeipata na nimeibandika juu ya meza yangu ya kazi. Wenzangu wote wanasema amefanana na mimi, hasa masikio. Mpe pole mtoto.

Mimi mwilini ni mzima. Nakula, nalala kiasi, na chumba nilichopanga hakivuji tena. Ila roho yangu imechafuka, Baba. Leo ni Jumapili, jua bado liko juu, na tangu asubuhi nimeketi na karatasi hizi nikiandika na kuchana. Nisipoitoa hasira hii leo, kesho nitaingia kazini nikiwa nimeimeza, na nimeshameza mengi mno.

Sijawahi kukueleza vizuri kiwanda chetu kinatengeneza nini. Ni viunganishi vya umeme, vile vipande vya plastiki vyenye pini za shaba vinavyounganisha nyaya na mashine. Chetu kina pini ishirini, safu mbili za kumi kumi, na ubora wake wote uko katika jambo moja: pini zisimame kimo kimoja. Wewe ni seremala, utanielewa upesi. Meza yenye mguu mmoja mrefu huyumba hata uipake vanishi ya namna gani. Sasa fikiria meza yenye miguu ishirini, na tofauti unayoruhusiwa haifiki unene wa unywele. Pini ndefu zikigusa, fupi zinaning'inia, umeme unapita kwa taabu, plastiki inapata moto, na mashine ya mtu inazimika.

Safu ya kwanza hukandamizwa asubuhi kwenye presi ya kwanza. Saa saba zamu ikibadilika, viunganishi vile vile vinapelekwa presi ya pili kuwekewa safu ya pili. Presi hiyo ya pili anaikalia mama mmoja ambaye kiwanda kizima kinamwita Shangazi. Ana miaka ishirini na miwili kwenye kiti kile. Nilipoanza kazi, sijui hata geji, kile kifaa cha kupimia kimo cha pini, inashikwaje, yeye ndiye aliyenifundisha, akinitania kwamba nimesoma vitabu vyote isipokuwa kile chenye maelezo ya mikono yangu.

Basi wiki mbili zilizopita mteja wetu mkubwa, watu wanaotengeneza lifti, alirudisha makasha arobaini na moja. Lifti yao moja ilikwama kati ya ghorofa mbili ikiwa na watu watatu ndani, mmoja wao mjamzito. Walitolewa salama, namshukuru Mungu. Lakini walipofungua mashine walikuta kiunganishi chetu kimeungua upande mmoja, na walipovipima vingine wakakuta katika baadhi ya makasha safu moja imeizidi nyingine kimo. Makasha mengine hayakuwa na kasoro yoyote.

Ungedhani meneja wetu wa uzalishaji angeuliza kwa nini mengine ni mazima. Hakuuliza. Wafanyakazi wanamwita Bwana Upesi, kwa kuwa hata akiagiza chai husema ije jana. Alishuka ukumbini na kiunganishi kilichoungua mkononi, akasimama mbele ya presi ya pili, akainua mkono mwingine, na watu wote wakisikia akamwuliza Shangazi anaona vidole vingapi. Shangazi akamjibu kwamba anaona vitano, na kwamba hakuna hata kimoja kilichowahi kufanya kazi. Wapakiaji wakaangua kicheko. Laiti wasingecheka. Uso wa meneja ulibadilika, na tangu saa ile ikawa ni yeye na mama wa watu.

Siku iliyofuata alikuja na sindano na uzi. Sitanii, Baba. Alisimamisha kazi, akaita watu wakusanyike, akamwambia Shangazi atunge uzi kwenye sindano, tuone kama macho yake bado yanafaa kushika kazi ya vitu vidogo. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwenye wajukuu, anapewa mtihani wa sindano mbele ya vijana aliowafundisha kazi! Alivua miwani, akaifuta kwa khanga aliyojifunga kiunoni, akaivaa, na uzi ukapita mara ya kwanza. Akamrudishia meneja sindano akamwambia kama ana kifungo kimemng'oka amletee, atamshonea. Safari hii hakucheka mtu. Meneja akasema sindano ile ilikuwa na tundu kubwa.

Damu ilinichemka. Nilisimama mlangoni pa chumba cha vipimo, ninakofanyia kazi, na kalamu mkononi, nikajiambia huu ni uonevu mtupu, mtu hasukumwi nje ya kazi kwa sababu amezeeka na amejibu mzaha kwa mzaha. Jioni ile ile akaandikiwa barua kwamba uzembe wake umekitia kiwanda hasara na hatari, na kwamba Jumatatu saa tatu, yaani kesho, atasimama mbele ya mkurugenzi aeleze kwa nini asifukuzwe. Akifukuzwa kwa uzembe anaondoka mikono mitupu, na hakuna kiwanda kitakachomgusa. Ushahidi ulioambatanishwa ni daftari la vipimo, linaloonyesha kwamba geji ilikuwa sawa kila siku. Daftari langu, Baba, mwandiko wangu.

Lazima nikueleze hapo, maana ndipo penye kidonda. Kila mwanzo wa zamu mimi ndiye ninayesawazisha geji, saa mbili asubuhi na tena saa saba. Tuna kipande cha chuma kilichosuguliwa, kimo chake ni kile kile kinachotakiwa kwa pini, na geji tunaiweka sifuri juu yake. Wafanyakazi wanakiita Hakimu, kwa kuwa akishasema hakuna rufaa. Baada ya hapo napima viunganishi vichache vya kwanza. Nikisema pini ni fupi, mwendesha presi anairekebisha presi mpaka niseme basi. Na utaratibu wetu, ambao sasa nauona ni wa kijinga, ni kupima ile safu inayokandamizwa wakati huo tu. Ile nyingine tunasema imeshapimwa.

Hakimu anatakiwa kupelekwa kwa wakaguzi wa vipimo kila mwaka, naye athibitishwe. Muda wake ulipita miezi minne iliyopita. Nilimwandikia meneja mara tatu, kwa heshima zote, na nakala ninazo. Mara ya tatu aliniita ofisini akaniambia kwamba chuma hakioti mvi, hakizeeki, kwa hiyo niandike kwenye kadi yake ya ukaguzi kwamba kimekaguliwa, nitie tarehe, nisimsumbue. Nilisimama pale nikitazama zulia. Kisha nikaandika. Mtu huyo huyo ndiye anayesema leo kwamba vipimo vyote vilikuwa sahihi na kosa ni mkono wa mwanamke mzee. Hana haya! Anajua kwamba nimeandika uongo kwa amri yake, na anajua nitanyamaza, kwa sababu sahihi ya chini ni yangu.

Nimeandika kurasa nne nikimlaani meneja, na yote niliyosema ni kweli. Lakini nimezunguka, Baba, kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango huku ufunguo anao mkononi.

Hakimu nilimwangusha mimi. Ni wiki tano sasa. Nilikuwa nasawazisha geji mchana, kiwiko kikagonga kisanduku chake, akaanguka kwenye sakafu ya saruji. Hakuna aliyeona. Nilimwokota, nikamgeuza kwenye mwanga, nikaona kama kovu dogo kwenye pembe moja. Nikamfuta kwa shati, nikamrudisha kisandukuni. Nilijiambia ni chuma, kitu gani kitampata. Kweli ni kwamba niliogopa. Ningesema, wangeuliza alikaguliwa lini, na kadi ingetolewa.

Alhamisi iliyopita, kila mtu alipokwenda kula, nilijifungia chumbani nikampima. Nikapitisha ukucha kwenye ile pembe, ukakwama. Pana kijino cha chuma kilichochomoza, hukioni kwa macho. Nikimweka kijino kikiwa juu, geji inamgusa katikati na hakuna tatizo. Nikimgeuza kijino kikawa chini, ananyanyuka kidogo, na sifuri inapanda naye. Hapo pini zilizo sawa huonekana fupi, nami humwambia mwendesha presi aziongeze. Pande zake mbili zimefanana, nami sikuwahi kuangalia ninamweka kwa upande upi. Asubuhi hivi, mchana vile. Siku zilizoangukia upande mmoja makasha yalitoka mazima. Siku zilizoangukia pande tofauti safu moja iliizidi nyingine. Shangazi alikuwa akirekebisha presi yake kama nilivyomwambia. Alikuwa akinitii mimi.

Jana nilikwenda kwake. Nilimkuta amekaa kibarazani anamsuka mjukuu wake, na alifurahi kuniona, jambo ambalo lilinifanya nitamani kurudi nilikotoka. Akaagiza kiti, akamwambia mjukuu kwamba huyu ndiye karani mwenye mwandiko mzuri. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kusuka mpaka mwisho wa mstari, akaufunga, akamwambia mtoto aende ndani. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Aliniuliza kitu kimoja tu: yaani wiki tano zote hizo nilikuwa nikipita pale kwenye presi yake kila siku na kumwamkia?

Nilianza kulia, akaniambia machozi niyaweke, mwenye kazi nayo Jumatatu ni mkurugenzi, si yeye. Nikamwomba aniruhusu nikae karibu naye kikaoni, nimtetee. Akasema nisithubutu kukaa upande wake. Nikae upande wangu, niseme nilichofanya, na huko kutetea nimwachie mwenyewe, anajua kusema. Kisha akachukua kile kiti akakirudisha ndani.

Kesho nitakwenda na kadi, nakala za barua tatu, na Hakimu amefungwa kwenye leso. Nimejizoeza maneno mbele ya kioo, na kila mara sauti inakatika ninapofika kwenye neno "mimi". Najua meneja atasema kijana huyu amehongwa au amechanganyikiwa. Najua pia kwamba kazi nitaipoteza, na huenda mambo yakafika mbali zaidi, kwa kuwa wako watu watatu waliokwama katika lifti ile, na hilo siwezi kumsukumia meneja peke yake hata nikimchukia vipi.

Baba, nakuomba usimpigie mtu yeyote simu, wala usiniombee msamaha popote. Wewe ndiye uliyenifundisha kupima mara mbili kabla ya kutia msumeno, na ninajua utaumia. Lakini ninajua pia unavyonipenda. Ningekuuliza kabla, ungeweza kuniambia nyamaza, mtoto wangu, yule mama karibu atastaafu. Nami ningenyamaza, na maisha yangu yote ningesema ni Baba aliniambia. Kwa sababu hiyo bahasha hii sitaitia posta wakati wa kuingia kesho, ila wakati wa kutoka. Ukiisoma, ujue nimeshasema.

Nisalimie Mama, mweleze taratibu, baada ya kula. Nisalimie Dada na mtoto wake wa masikio, na mafundi wote hapo karakana. Goti ulipumzishe.

Ni mimi mwanao unayempenda,
Karani wa vipimo, mpaka kesho saa tatu.