Kikao cha Dharura Kuhusu Tangazo la Kusafisha Tangi

KAMATI YA WAPANGAJI

Tarehe: Jumapili, tarehe 14
Mahali: Chini ya ngazi, karibu na mita za umeme (ukumbi umefungwa, ufunguo haujulikani uliko)
Kuanza: Saa 10:40 jioni, badala ya saa 9:00

Waliohudhuria: Mwenyekiti (muuguzi mstaafu), Katibu, Mwalimu wa ghorofa ya tatu, Fundi Bomba, Mshonaji wa chumba cha chini (mwalikwa).
Asiyehudhuria: Mpangaji wa 2B, bila taarifa, ingawa redio yake ilisikika muda wote.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao akiwa ameketi, kwa sababu ya magoti. Alieleza kwamba ametoka kumjulia hali mama mkwe wa Mshonaji, aliyeruhusiwa jana baada ya kulazwa siku tano. Bibi anameza uji tu, na sauti haijarudi.

KUMB. NA. 2/14: YALIYOTOKEA
Mshonaji alieleza kwamba Jumatatu asubuhi alichota maji kwenye bomba la uani, akampa mama mkwe wake anywee vidonge vyake. Maji yalinuka, lakini maji ya jengo hili hunuka siku zote. Hakujua kwamba jioni iliyotangulia tangi lilitiwa dawa kali ya kusafishia.

Katibu alikumbusha kwamba tangazo lilibandikwa mlangoni siku nne kabla, kurasa mbili, na kwamba onyo la kutokunywa maji limo katika aya ya sita, kifungu (b).

Mwalimu alisema kusoma ndiyo kazi yake, na Jumatatu asubuhi alisoma mpaka "Rejea kikao chetu cha tarehe tajwa hapo juu", akaenda zake kupiga mswaki. Kwa maji hayo hayo. Pona yake ni kwamba alitema.

Mshonaji alisema: "Mimi nilipita na furushi la vitambaa kichwani. Nikaona karatasi imejaa kama gazeti, nikajua ni yale yale ya kukatazwa viatu kwenye ngazi."

KUMB. NA. 3/14: ALAMA YA MKAA
Fundi Bomba alisema yeye si mtu wa kalamu. Alipomaliza kutia dawa alichora kwa mkaa, ukutani juu ya bomba la uani, kikombe kilichokatwa kwa mstari mkubwa. Alitaka kujua nani aliyekifuta.

Katibu alieleza kwamba aliyekifuta ni yeye, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kwa brashi na sabuni, kwa kuwa ukuta ulipakwa rangi mwezi uliopita. Alidhani ni uchafu wa watoto.

Mshonaji alisema: "Mimi nilichota saa moja."

Mwenyekiti aliuliza kama hilo liandikwe. Katibu alijibu liandikwe.

Mwenyekiti alisema maji yakimwagika hayazoleki. Fundi Bomba alimjibu kwamba haya hayakumwagika, mama, yalinywewa.

Katibu aliomba kujiuzulu. Mwenyekiti aliuliza nani atashika kalamu. Mwalimu alitazama saa yake. Ombi halikukubaliwa.

KUMB. NA. 4/14: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba onyo liwe fupi, libandikwe pale pale penye hatari, na milango yote igongwe. Kuhusu nani atagonga, Mwenyekiti alitaja magoti, Mwalimu alitaja madaftari. Kazi alipewa Katibu.

Katibu alitakiwa kutunga onyo la mfano papo hapo. Alisoma: "Wapangaji wote mnaarifiwa kwamba, kufuatia zoezi la..."

Mshonaji alimkatiza: "Hapo kikombe kimeshafika mdomoni, mzee wangu."

Katibu alisoma mara ya pili: "Tafadhali epukeni matumizi ya..." Mshonaji alitikisa kichwa.

Mara ya tatu Katibu aliandika: USINYWE MAJI HAYA. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 5/14: MENGINEYO
Katibu aliuliza kama inafaa aiandikie familia barua ya pole.

Mshonaji alisema: "Barua nyingine? Njoo umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Hawezi kukujibu, lakini anasikia."

Katibu aliuliza aje saa ngapi.

"Sasa hivi. Yuko macho."

Kikao kilisimama saa 12:05 jioni ili Katibu apate kwenda. Wajumbe walimsubiri mpaka saa moja kasoro, kisha wakatawanyika bila kufunga rasmi.

Mwenyekiti: ..............................

Katibu: ..............................