Mganda wa Juu ya Mafiga

Jumamosi, tarehe 6, mwezi wa pili

Posho imetolewa mchana, matope bado miguuni. Unga, chumvi, mafuta ya mawese. Samaki mmoja mkavu kwa watu watatu. Maharagwe yana wadudu, kama juma lililopita. Mgongo unaniuma upande wa kushoto, upande wa kuinulia sururu.

Jioni tulikaa nyuma ya nyumba ya Pio kama kila Jumamosi. Mimi, Pio na Ramazani, sisi tunaogawana samaki. Tunapika kwa mdomo. Kila mtu anaeleza chakula cha kwao, tangu shambani mpaka kwenye sahani, na anayewafanya wenzake wameze mate ndiye anachukua kichwa cha samaki. Sharti ni moja tu. Unataja shamba, mto, kuni, chungu. Mkono uliopika hautajwi. Sisi ni wanaume tulio mbali, na bibi wa mtu haletwi kwenye mchezo wa wanaume.

Pio alianza. Ni mtu wa kule Wamaza, mkubwa wetu, anasema polepole. Alipika sombe, majani ya muhogo, na karanga mbichi. Alitwanga karanga muda mrefu hadi nikamwambia kinu kitatoboka. Nilimeza mate lakini niligeuka pembeni.

Kisha Ramazani. Amerudi juzi. Alipewa ruhusa ya kwenda Kasongo kwenye matanga ya baba yake. Mtu anakwenda kumlilia baba, anarudi na mashavu. Kijiji changu kiko kwenye njia ile, kabla ya kufika Kasongo, na nilimwomba apite kwangu. Alipofika nilimuuliza mbele ya watu kwenye foleni ya maji. Alisema wote wazima, wanakusalimia. Basi.

Leo akapika.

"Mimi nilikula muchele. Hapana mupya. Ule mwekundu wa mwaka jana, punje fupi. Ulioshwa maji tatu na bado harufu ya moshi haikutoka. Moshi ulikuwa umeingia mpaka ndani ya punje. Chumvi kidogo, mawese kidogo. Nyama haikukuwa. Bandugu, sikuacha hata punje moja."

Pio akacheka. "Muchele ya moshi? Nyumba iliungua?"

"Haikuungua. Ule muchele unapaswa kuwa vile."

Aliposema hivyo aliniangalia mimi. Aliniangalia sana.

Pio alimeza mate. Ramazani akachukua kichwa cha samaki, akakinyonya mpaka macho.

Mimi najua mchele ule ni upi.

Jumapili, tarehe 7

Sikwenda kusali.

Naandika ili nione kama kichwa changu kinakwenda sawa. Kwetu mpunga unapovunwa, masuke ya kwanza yanafungwa mganda mdogo na kutundikwa juu ya mafiga. Ni fungu la mwenye nyumba kama hayupo. Mganda unakaa kwenye moshi mpaka mavuno mengine. Akirudi, anaula. Asiporudi, unashushwa na kupikwa, kisha mwingine mpya unapanda mahali pake. Wa kuula ule wa zamani ni mtu wa damu yake. Mwanaume mwingine haruhusiwi, isipokuwa yule aliyeingia ndani ya nyumba kuwa mume.

Mtu wa damu yangu alikuwa Asani, mdogo wangu. Mwaka jana aliula yeye. Asani amekufa, kiangazi kilichopita.

Basi mke wangu, Mwavita, ameshusha fungu langu akampikia Ramazani.

Nimejaribu kulipindua jambo hili nione lina upande mwingine. Sikuona. Mchele wa moshi haupikwi mahali pengine popote. Tena mpunga wote kule unachukuliwa sokoni kwa amri ya serikali. Mwanamke hana mchele wa kumwagia wageni.

Nina wivu. Naandika neno lenyewe. Nina wivu mpaka mate ni machungu.

Jumanne, tarehe 9

Mvua. Tulichimba shimo la tatu, mimi na Ramazani upande mmoja. Anachimba huku anaimba. Nilimtazama mikono. Kumbe ana mikono mizuri, sikuwahi kuitazama. Ana meno yote. Ana shati jipya la matanga.

Nilianza kufikiria aliketi wapi. Kigoda changu kule nyumbani kina mguu mmoja mfupi. Mgeni hajui, anayumba. Mwenye kuzoea anaweka kisigino chini yake. Nilitaka kumuuliza, uliyumba au hukuyumba? Nikaendelea kuchimba.

Wakati wa kunawa mtoni alinifuata. "Kitenge, ngoja niko na neno." Nikachukua suruali yangu nikaenda nayo ikiwa na maji.

Alhamisi, tarehe 11

Kontra yangu, mkataba wa kazi, inaisha mwisho wa mwezi huu. Miaka mitatu. Kila nilipolala kwenye kambi hii nilikuwa nauona mwezi huu. Kapita, msimamizi wa kambi, ametangaza kwamba wanaotaka kubaki wampe majina kabla ya Jumanne. Wazungu wako na vita yao kwao, wanataka dhahabu zaidi. Anayebaki anapewa blanketi.

Tangu niondoke niliwaza njia ya kurudi. Kutoka hapa Salamabila kushuka, Kabambare, kisha njia kubwa, kisha migomba ya kwetu. Sasa nikiwaza njia namwona Ramazani ametangulia mbele yangu, anabisha hodi.

Jumamosi, tarehe 13

Nilikwenda nyuma ya nyumba ya Pio. Nilijiambia nisiende, nikaenda.

Pio alipika lituma. Ndizi zilichemka, zikapondwa na mawese, zikafinyangwa. Sikusikia vizuri. Zamu yangu ilipofika nilisema nitapika chakula kipya.

"Kuna mbwa," nikasema. "Bwana wake yuko safarini. Mbwa wa jirani anakuja, analamba chungu, anarudi kwao amenona. Halafu anakaa na wanaume na kuwaeleza utamu wa chungu."

Pio akasubiri. Akasema, "Na chakula iko wapi?"

"Chakula ni hicho."

"Hicho si chakula, muzee. Hakuna mutu atameza mate kwa mbwa."

Ramazani hakucheka. Alikuwa anachora chini kwa kijiti. Akasema kwa sauti ndogo, "Kitenge, simama tutembee kidogo, mimi na wewe."

Nikamwambia mguu unauma.

"Juzi mguu ulikimbia vizuri kule mtoni."

Niliondoka kabla samaki hajagawanywa. Sijui nani alichukua kichwa. Nimekula ugali na chumvi. Nyumba zote za kambi zilinuka mawese.

Nilimpenda huyu mtu. Nilipougua kuhara yeye ndiye alinibeba. Hilo ndilo linanichoma zaidi. Angekuwa mwingine ningempiga ngumi, yaishe.

Jumatatu, tarehe 15

Nimempa kapita jina langu.

Alishangaa. "Wewe? Wewe uliyekuwa unasumbua watu na habari ya kurudi? Na bibi yako?"

"Sina bibi."

Akaniangalia, akaandika. Miaka mitatu tena. Blanketi ni la kijivu, linawasha.

Nilijisikia vizuri mpaka saa ya chakula. Nilimwona Mwavita mawazoni akisikia habari. Nilimwona anaacha kutwanga. Nilifurahi. Kisha nikamwona anaendelea kutwanga, na furaha ikaisha.

Jumatano, tarehe 17

Ramazani amenishika shimoni. Pio alikuwa amekwenda kunoa sururu. Aliweka mguu wake juu ya mpini wangu, nikashindwa kuinua.

Naandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikayatengeneza.

"Nimebeba maneno ya bibi yako tangu kijijini kwako, na wewe unanikimbia kama mudeni. Utanisikia leo. Nilifika kwako jua likizama. Alinipa maji, akaniuliza, ni wewe Ramazani? Ni wewe yule Kitenge alisema? Nikasema ni mimi. Akauliza tena. Halafu akapanda juu ya kinu, akashusha ule muganda."

Nikamwambia hakuwa na haki ya kuushusha kwa mtu baki.

"Mutu baki? Asani alipokufa ulituma neno gani kwa mama yako, na yule mupitaji wa Kabambare?"

Hapo nikakumbuka. Nilisema wasinililie. Nilisema hapa niko na mtu, jina lake Ramazani, ameketi mahali pa Asani.

"Basi. Akaniambia, Asani angekula, kwa hiyo kula wewe. Kula yote, muganda haubakizwi. Na ukifika umwelezee ulivyokuwa mutamu, asidhani tumemusahau kwa sababu ni mbali. Sasa mimi nitasemaje mbele ya Pio kwamba bibi ya Kitenge alinipikia? Nikapika kwa mdomo. Nikakuangalia wewe. Nikafikiri, huyu atajua moshi wa nyumba yake."

Nilijua. Nilijua moshi.

Nikamuuliza kama ulikuwa mtamu kweli.

Akatoa mguu wake kwenye mpini. "Kitenge, ulikuwa mubaya. Ulikuwa muchungu kwa moshi, na wadudu walikuwa wameingia kabla yangu. Mama yako alisimama pale anaangalia kila tonge. Nimeumaliza kwa ajili yako wewe. Usiku tumbo lilinikatakata."

Tulichimba. Baadaye, bila kugeuka, akasema, "Muganda mupya umepanda. Mukubwa kuliko ule. Aliniambia huu nisiote hata kuuonja. Huu utakula wewe, mwisho wa mwezi."

Sikumwambia habari ya kapita. Sikuweza.

Alhamisi, tarehe 18

Nilikwenda kwa kapita kabla ya jua. Nilimwambia nimebadili mawazo. Nilimpa blanketi.

Majina yaliondoka Jumanne na lori la Kabambare. Akasema, "Wewe mwenyewe ulisema hauna bibi."

Nikasema ninaye.

Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Alisema mzungu harudishi jina likishafika. Akanirudishia blanketi. Akasema nijifunike, nyakati za usiku zina baridi huku milimani.

Nilikaa nyuma ya ghala mpaka filimbi ilipopigwa. Hakuna aliyenifanyia hili. Mwavita hakunifanyia, Ramazani hakunifanyia. Nimejaribu kumpata mtu wa kumkasirikia na sikumpata.

Jumamosi, tarehe 20

Posho. Unga, chumvi, mawese. Maharagwe safari hii hayana wadudu. Samaki alikuwa mkubwa kidogo, kichwa kipana.

Niliwaambia wote wawili habari ya kontra. Pio aliuliza kama blanketi ni zito. Ramazani alisema tusi moja la kwao, si kwa ukali, akanisogezea tumbaku.

Kontra yake inaisha mwezi wa nne. Atapita kwetu akirudi. Nimempa maneno. Amwambie Mwavita kwamba nimebaki, na kwamba si kampuni iliyonilazimisha, ni kichwa changu. Asimfiche. Akitaka kuja huku kambini aje, wanapokea wanawake. Akitaka kuningoja kule, na angoje. Akikataa yote mawili, sina la kusema. Na mganda ule mkubwa, nisipokuwepo mavuno mengine, anajua nani wa kuula.

"Mimi tena?" Ramazani akauliza.

"Wewe tena."

"Wote?"

"Mganda haubakizwi."

Alishika tumbo lake. Pio alicheka hadi akakohoa.

Kisha tukapika. Pio alisema zamu ni yangu. Nilisema mimi leo sina chakula, namwomba Ramazani arudie ule mchele wa moshi. Nikasema pia, kabla hajaanza, kwamba mkono uliopika ni wa Mwavita, bibi yangu. Hakuna aliyewahi kusema jina la mwanamke pale. Pio aliangalia chini. Halafu akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea mgeni.

Ramazani alianza tangu mwanzo. Alianzia kwenye kamba, jinsi ilivyokuwa nyeusi kwa masizi. Mwavita akapanda juu ya kinu, akashusha. Alitwanga kidogo kidogo kwa sababu punje zilikuwa kavu. Maji ya kwanza yalikuwa meusi. Ya pili kama chai. Ya tatu karibu safi. Chungu kile chenye ufa mdomoni, nilikinunua mimi. Mawese. Mfuniko wa jani la mgomba. Yeye Ramazani aliketi kwenye kigoda kusubiri, akayumba nusura aanguke, na mama yangu akamwambia aweke kisigino.

Aliukaanga uongo vizuri. Mchele ukawa mtamu.

Nilimeza mate. Nikamkatia kichwa cha samaki.